Kuzima Hyper-Threading ili kupunguza joto: kisa cha i7-7700K kwenye gigahezi 4.9

Mashine yenyewe ni ya aina inayoonekana sana. Prosesa ni Core i7-7700K, iliyotolewa na Intel Januari 2017: viini 4, thredi (mikondo ya kazi) 8, kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 8, kasi ya msingi gigahezi 4.2 na ya juu kabisa ya kiwandani 4.5. Imekaa kwenye ubao mama wa Z270, na juu yake kuna kipozaji cha hewa cha mnara mmoja chenye feni ya milimita 120. Mwenye mashine ameiongezea kasi: kizidishi 49 (mara megahezi 100, yaani gigahezi 4.9) kwenye viini vyote, volteji 1.36. Chumba hakina kiyoyozi na hewa yake ni nyuzi 30, jambo la kawaida Dar es Salaam au Mombasa kati ya Januari na Machi. Kwenye gemu ya Battlefield 1, ramani ya wachezaji 64, kiini chenye joto kuliko vyote kinakaa kwenye nyuzi 92 na mara mojamoja kinagusa 97. Prosesa hii hujipunguzia kasi yenyewe ikifika 100, kwa hiyo amebakiwa na nafasi ya nyuzi 3 tu.

Amesikia kwamba akizima Hyper-Threading joto litashuka, na anataka kujua kama afanye hivyo. Namba tulizoziweka hapa ni za mfano, ila mfano wenyewe unafanana na hali halisi ya prosesa hii ikiongezewa kasi chini ya kipozaji cha kadiri.

Jibu fupi: litashuka. Lakini kabla ya kushangilia, inabidi kujua joto hilo limetoka wapi.

Hyper-Threading inapasha joto kwa njia gani

Hyper-Threading hukifanya kila kiini kijitambulishe kwa Windows kama viwili. Hakuna kiini kipya kinachozaliwa. Kinachoongezwa ni seti ya pili ya rejista (vihifadhi vidogo vya data ndani ya kiini) na hali ya programu inayoendeshwa. Vitengo vinavyokokotoa ni vilevile. Thredi moja inaposubiri data kutoka kwenye RAM, na kusubiri huko kunaweza kula mamia ya mizunguko, thredi ya pili inavitumia vitengo ambavyo vingekaa bure. Teknolojia hii ilipoingia kwenye kompyuta za kawaida na Pentium 4 ya gigahezi 3.06, Novemba 2002, Intel ilisema inachukua chini ya 5% ya eneo la silikoni na inaweza kuongeza utendaji hadi 30%.

Kitengo kinachofanya kazi kinakula umeme, na umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka kama joto. Basi Hyper-Threading inapasha joto kwa sababu inaondoa mapumziko ya vitengo. Ukiizima, mapumziko yanarudi. Joto uliloliondoa ni kazi uliyoiondoa, na hapa ndipo ushauri wa "zima tu, gemu hazihitaji" unapoanza kuyumba.

Chukua gemu inayotumia thredi tatu au nne. Kipanga-kazi cha Windows kinajua ni thredi zipi zinazoshirikiana kiini, kwa hiyo huzigawa kazi nzito kwenye viini tofauti kwanza, kabla ya kuanza kuzibananisha mbilimbili. Katika gemu kama hiyo thredi za pili karibu hazina shughuli. Ukizima Hyper-Threading utaona nyuzi moja, mbili, pengine tatu. Sasa chukua gemu inayojaza thredi sita hadi nane. Hapo kuzima kutashusha nyuzi 5 hadi 8, wakati mwingine zaidi, lakini kwa kuinyima gemu kitu ilichokuwa ikikitumia. Pale ambapo huihitaji Hyper-Threading, kuizima hakupunguzi joto la maana. Pale inapopunguza joto la maana, ulikuwa unaihitaji.

Ipo faida moja ya kweli ambayo wanaotetea kuzima huitaja, na inastahili kusemwa sawasawa. Katika familia ya Skylake, ambamo 7700K imo, kiini kina foleni ya maagizo 224 yanayosubiri kukamilika. Thredi mbili zikiwa hai, foleni hiyo inakatwa katikati, 112 kwa kila moja. Thredi moja ikiwa peke yake inapata zote 224. Ndiyo maana gemu chache za zamani huongeza fremu mbili tatu Hyper-Threading ikizimwa. Lakini kumbuka kwamba thredi ya pili ikilala kabisa, kiini huirudisha foleni nzima kwa thredi iliyobaki, hata bila kugusa BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka). Faida inabaki ndogo.

Kinachotokea kwenye mashine hii ikizimwa

Ramani ya wachezaji 64 ya Battlefield 1 ni mzigo wa aina ya pili. Kwenye viini 4 visivyo na Hyper-Threading, matumizi ya prosesa yanapanda hadi karibu 100% na kukaa huko. Dereva ya kadi ya picha, programu ya maongezi ya sauti, kivinjari kilichoachwa wazi na huduma za Windows zote zinagombania viini vilevile vinne na gemu. Joto linashuka kutoka 92 hadi katikati ya themanini. Wastani wa fremu unaweza usibadilike sana, na hapo ndipo wengi hudanganyika, maana wanautazama wastani peke yake.

Kinachoharibika ni fremu za chini. Pima kile kinachoitwa 1% ya chini, yaani kasi ya fremu katika ile asilimia moja ya nyakati mbaya kuliko zote, na utaona imeporomoka. Kwa jicho, gemu inakwamakwama: unageuka haraka, picha inasita, kisha inaruka. Mlipuko mkubwa unatokea, panya anakuwa mzito kwa nusu sekunde. Hakuna kadi ya picha itakayotibu hilo, kwa sababu kadi yenyewe inakaa ikisubiri prosesa.

Kibiashara mambo yako wazi zaidi. i7-7700K bila Hyper-Threading ni i5-7600K yenye kashe ya megabaiti 8 badala ya 6. Intel iliziorodhesha prosesa hizo kwa dola 339 na dola 242. Anayezima anairudisha prosesa yake kwenye daraja aliloamua kulipia zaidi ili alivuke.

Jaribu kwanza bila kuingia BIOS

Uzuri ni kwamba unaweza kuyaona haya yote kabla ya kubadili lolote la kudumu. Fungua HWiNFO64, programu ya kusoma joto na volteji, upande wa vipimo, cheza dakika 20 hadi 30 kwenye ramani ileile, kisha andika: joto la juu na la wastani la kila kiini, nguvu ya prosesa nzima kwa wati, volteji halisi ya kiini wakati wa mzigo, na kama safu ya kujipunguzia kasi kwa joto imewahi kuandika "Yes". Andika na joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi moja, kiini nacho hupanda takriban moja, kwa hiyo kipimo cha alasiri hakilinganishwi na cha alfajiri. Kwa fremu tumia CapFrameX, au RTSS inayokuja na MSI Afterburner, na usisahau ile 1% ya chini.

Baada ya hapo funga gemu, fungua dirisha la amri kwenye folda yake, na uiendeshe hivi:

start "" /affinity 55 jina-la-gemu.exe

Namba 55 ni ya mfumo wa kumi na sita. Kwa mfumo wa mbili ni 01010101. Windows huzihesabu thredi za kiini kimoja zikifuatana, 0 na 1, 2 na 3, hadi 7. Amri hii inaifungia gemu kwenye 0, 2, 4 na 6, thredi moja kwa kila kiini. Kama gemu inafunguliwa kupitia duka lake na haikubali kuanza peke yake, iache ianze, ingia Task Manager, kichupo cha "Details", bonyeza gemu kitufe cha kulia, chagua "Set affinity", kisha uondoe alama kwenye 1, 3, 5 na 7. Gemu zenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu hukataa mabadiliko haya. Usilazimishe, akaunti ina thamani kuliko jaribio.

Jaribio hili ni laini kidogo kuliko kuzima kwenyewe, kwa kuwa programu nyingine bado zinaruhusiwa kutumia thredi za pili. Kwa hiyo kama gemu inakwamakwama hata hapa, kwenye BIOS itakuwa mbaya zaidi. Na kama joto limeshuka nyuzi mbili tu, umeshapata jibu.

Mwenye deni ni volteji

Turudi kwenye ile 1.36. Nguvu inayoliwa na saketi zinazowaka na kuzima hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Hii ndiyo kanuni ambayo mtu anayeongeza kasi anapaswa kulala nayo. Mashine yetu iko nyuzi 62 juu ya chumba: 92 toa 30. Shusha kizidishi kutoka 49 hadi 47 na volteji kutoka 1.36 hadi 1.26. Kasi inakuwa 0.959 ya ilivyokuwa. Volteji inakuwa 0.926, na ukiizidisha kwa yenyewe unapata 0.858. Zidisha mbili hizo: 0.823. Nguvu imepungua karibu 18%. Kwa kuwa kipozaji ni kilekile, kupanda juu ya chumba kunapungua kwa kiasi hichohicho, kutoka 62 hadi 51. Kiini kinasoma 81.

Nyuzi 11, kwa gharama ya megahezi 200, yaani 4% ya kasi. Linganisha na kuzima Hyper-Threading: nyuzi 5 hadi 8, kwa gharama inayoweza kufika robo ya uwezo wa prosesa katika kazi inayojaza thredi zote. Hesabu yetu ni ya makadirio. Sehemu ya umeme haitegemei viini, na kwa upande mwingine umeme unaovuja hupungua nao volteji ikishuka. Ila mwelekeo hauna ubishi.

Kosa linaloongoza kwenye volteji kubwa namna hii ni kuiacha kwenye "Auto". Bao mama nyingi za Z270, ukiziambia kizidishi 48 au 49 bila kutaja volteji, hutoa zaidi ya inayohitajika ili zisilaumiwe kwa mashine kuzima ghafla. Iweke kwa mkono. Anza na 1.25 kwenye kizidishi 47, jaribu, shuka kwa hatua za 0.01 hadi mashine iyumbe, kisha rudi hatua mbili. Kila kipande cha silikoni kina tabia yake. Kimoja kitatulia kwenye 1.22, kingine kitadai 1.30. Mpangilio wa Load-Line Calibration, unaozuia volteji isishuke mzigo unapopanda, uweke katikati. Ukiupandisha hadi mwisho, volteji chini ya mzigo inaweza kuzidi uliyoiandika, na HWiNFO ndiyo itakayoliumbua hilo, si ukurasa wa BIOS.

Kisha yapo mambo mawili ambayo hayagusi prosesa kabisa. Fungua ubavu wa kesi na ucheze dakika kumi. Joto likishuka zaidi ya nyuzi 5, tatizo lako ni hewa ya kesi: kadi ya picha inamwaga joto ndani na hakuna feni ya kulitoa. La pili ni kuweka kikomo cha fremu. Prosesa huandaa kila fremu, hata zile ambazo skrini haiwezi kuzionyesha. Kama skrini ni ya hezi 144 na gemu inatoa fremu 170, weka kikomo cha 141 kwenye RTSS au kwenye dereva. Prosesa inapumzika kati ya fremu na fremu, nawe huoni tofauti yoyote ya picha.

Mpangilio wa AVX nao unachanganya watu. AVX ni maagizo ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo. Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa majaribio, ikitumia maagizo hayo huipasha prosesa joto kuliko gemu yoyote, na wapo wanaozima Hyper-Threading kwa sababu ya namba walizoziona kwenye Prime95 peke yake. Bao za Z270 zina kipengele cha kushusha kizidishi pale tu AVX inapoendeshwa. Weka 2 au 3, na 47 yako itakuwa 45 au 44 kwenye mzigo huo mkali.

Ukuta ulio chini ya kifuniko

Hata baada ya yote hayo, 7700K ina udhaifu wake wa kuzaliwa. Tangu kizazi cha Ivy Bridge cha 2012, Intel iliacha kuunganisha silikoni na kifuniko cha chuma kwa metali ya kulehemu katika prosesa za daraja hili, ikaweka pesti ya kupitisha joto. Pesti hiyo, pamoja na gundi inayokiinua kifuniko kidogo, inazuia joto kabla halijafika kwenye kipozaji. Ndiyo sababu ukibadili kipozaji cha hewa kwa cha maji cha bei kubwa, faida inakuwa ndogo kuliko ulivyotarajia. Ndiyo sababu pia joto la 7700K huruka ghafla nyuzi nyingi unapofungua tu kivinjari. Mwaka 2017, malalamiko yalipozidi, Intel ilijibu kwamba mirukoruko hiyo ni ya kawaida na kwamba haipendekezi kuiendesha prosesa nje ya viwango vyake. Kwa prosesa iliyouzwa ikiwa na kizidishi kilichofunguliwa makusudi, jibu hilo liliwaudhi wengi, na tunaona walikuwa na haki.

Kubandua kifuniko na kuweka metali ya majimaji kunaweza kushusha nyuzi 15 hadi 20 chini ya mzigo mzito. Hakuna hatua nyingine inayofikia hapo, Hyper-Threading ikiwa imewashwa au la. Lakini dhamana inakufa, na kazi inataka kifaa maalumu cha kusukuma kifuniko, si kisu cha jikoni. Metali hiyo inapitisha umeme, basi vipengele vidogo vilivyo kando ya silikoni vipakwe rangi ya kucha au vernishi kwanza. Ina galiamu, na galiamu inaila alumini. Kama kitako cha kipozaji chako ni cha alumini, juu ya kifuniko paka pesti ya kawaida.

Ukiamua kuzima

Zipo sababu halali: gemu unazocheza ni nyepesi kwenye thredi, au unahitaji kupitia msimu wa joto hadi kipozaji kipya kifike. Kwenye ASUS na ASRock ingia "Advanced", kisha "CPU Configuration". Kwenye MSI ni ndani ya "OC", sehemu ya "CPU Features". Kwenye Gigabyte za enzi hizo ni "M.I.T.", kisha mipangilio ya kasi na ya viini. Chagua "Disabled", hifadhi, washa upya. Windows haihitaji kuwekwa upya. Task Manager, kichupo cha "Performance", kitaonyesha viini 4 na prosesa za kimantiki 4. Kwenye Linux ya kerneli 4.19 na kuendelea huhitaji hata kuwasha upya: andika off kwenye /sys/devices/system/cpu/smt/control ukiwa na haki za root.

Mtego uko hapa. Hyper-Threading ikiwa imezimwa, prosesa mara nyingi hutulia kwenye megahezi 100 zaidi kwa volteji ileile, na mtu anashawishika kupandisha hadi 5.0. Miezi baadaye anapata gemu inayotaka thredi 8, anawasha tena, na Windows inaanguka kwa skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT. Utulivu uliopimwa na thredi 4 haudhamini chochote kwenye thredi 8. Hifadhi mipangilio miwili tofauti kwenye BIOS, kila mmoja na kasi yake na volteji yake, kila mmoja ukiwa umejaribiwa peke yake. Angalia na kumbukumbu za Windows za WHEA-Logger, zinazoandika makosa ya vifaa: onyo la kosa lililosahihishwa, namba 19, huja kabla ya skrini ya bluu.

Iliwahi kuwepo sababu nyingine ya kuzima kwenye prosesa hizihizi, isiyohusiana na joto. Juni 2017 mradi wa Debian, unaotengeneza toleo la Linux, ulitoa tahadhari kwamba Skylake na Kaby Lake (kizazi cha 7700K) zina hitilafu inayoweza kuharibu data Hyper-Threading ikiwa hai, na ukashauri kuizima hadi maikrokodi (programu ndogo iliyo ndani ya prosesa) isahihishwe. Watengenezaji wa lugha ya OCaml ndio walioigundua. Kama ubao wako bado una BIOS ya mwanzoni mwa 2017, isasishe kabla ya kuongeza kasi, maana kuanguka kwa programu kutokana na hitilafu hiyo kunafanana mno na volteji isiyotosha.

Kwenye prosesa zenye viini vingi hukumu inageuka. Core i9-9900K ya Oktoba 2018 ina viini 8 na thredi 16. Ukizima, unabaki na viini 8, karibu sawa na i7-9700K ambayo Intel yenyewe iliiuza bila Hyper-Threading, na gemu nyingi zinatosheka na hivyo. Kuanzia kizazi cha 12, chenye viini vikubwa na vidogo, thredi za pili za viini vikubwa hupewa kazi mwisho kabisa, baada ya viini vidogo, kwa hiyo gemu haizikosi sana. Na Core Ultra 200S zilizotoka Oktoba 2024 hazina Hyper-Threading kabisa. Kwa wenye 9900K au prosesa za kuanzia kizazi cha 12 ambazo bado zina Hyper-Threading, kuzima ni jaribio la dakika tano lisilo na hasara kubwa. Kwa mwenye viini vinne, mpangilio tungeuacha umewashwa: kizidishi 47, volteji 1.26, kikomo cha fremu 141, na feni moja zaidi nyuma ya kesi.